Ndege Aliyekatwa Nusu

Siku hiyo kwenye benchi mbele ya duka la ushonaji walikuwapo Fundi, mwenye duka na mwenye birika la kahawa; Makumbusho, muuza vitu vya kale; Mzee Betri, mtengeneza saa; na Mama Kichanga, mtoto mgongoni, blanketi la viraka mkononi. Blanketi lake alishonewa na marehemu mama yake, aliyemwacha akiwa na miaka sita, bila hata picha. Lilikaa sandukuni miaka yote, mpaka wiki ile alipolitoa kwa ajili ya mtoto, akalifua, akalianika. Mvua ikanyesha. Rafiki yake Msusi akakimbia kumwanulia nguo pamoja na zake, na humo mlikuwa na blanketi jingine la viraka, la marehemu mama yake Msusi, nalo limetoka sandukuni, yakifanana. Sasa hakuna aliyejua lipi ni la nani.

— Lete nilione, mwanangu, — alisema Makumbusho. Kwanza alisogeza kikombe chake mbali, kisimwagikie kitambaa. — Mh! Miaka mia mbili hili. Limefunika wafalme.

— Wafalme wenye mfuko wa sare ya shule? — Fundi alionyesha kiraka.

— Kwani mfalme hasomi?

— Usimsikilize, — alisema Mzee Betri. — Huyu aliniuzia kengele ya kale. Nimeisugua siku tatu, kumbe kifuniko cha birika!

— Na wewe na saa yako ya meli? Si ilikuwa mita ya umeme?

— Lakini ilikuwa inatembea!

Walicheka mpaka mtoto akashtuka. Mzee Betri alifuta mikono kwenye shati kabla ya kuligusa blanketi.

— Hii ni ramani, — alinong'ona. — Buluu ni mito. Fuata nyekundu, utafika palipofukiwa mali.

— Nyekundu hiyo ni pazia, mzee, — alisema Fundi.

— Pazia la nani? La tajiri, ndipo mali ilipo!

Mama Kichanga alicheka, macho yamejaa maji.

— Wazee wangu, mimi nataka la mama tu. Nimfunike nalo mjukuu wake, basi.

Wazee wote watatu walihamia mtaani baada ya vifo vya mama hao wawili. Hakuna aliyewahi kuwaona wanawake hao.

Msusi akatokea, blanketi la pili begani, nywele za mteja bado zimemganda vidoleni.

— Nisamehe, mwenzangu. Nilitaka kusaidia.

— Ungeyaacha yakalowa? Kaa hapa.

Fundi aliyatandaza yote mawili, akayachunguza kama mtu asomaye barua. Kwenye moja palikuwa na kichwa cha ndege juu ya kitambaa cha njano. Kwenye jingine, mkia. Akavuta pindo kwa pindo. Ndege akatimia. Akajaribu kitambaa cha mistari, mstari ukapokea mstari.

— Mkasi ni mmoja, — alisema taratibu. — Mama zenu walikata kila nguo katikati, wakagawana.

Msusi aligusa bawa la yule ndege.

— Sasa gauni hili la ndege lilikuwa la mama yangu, au la mama yako?

Mama Kichanga alimtazama Fundi. Fundi akamtazama Makumbusho. Makumbusho akamsogezea Mama Kichanga blanketi lenye kichwa cha ndege.

Mtoto alifunikwa kwa lile lenye kichwa. Mwezi ulipokwisha marafiki hao wakabadilishana, na hadi leo hubadilishana kila mwezi.