Kukata Miaka Saba

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, kahawa namimina mimi. Kushoto hukaa Viraka, fundi viatu. Kulia Redio, muuza mitumba. Asubuhi hiyo nilikuwa sina raha. Mjukuu wangu alimkata mjomba wake panga la bega, wakigombea ukuta wa choo. Aliyekatwa mwanangu, aliyekata mtoto wa binti yangu. Nikate kidole kipi kisichouma? Hakimu kampa kijana miaka saba, na binti yangu kaenda kwa wakili kuulizia rufaa.

— Bibi, usijiumize, Redio akaniambia. Kwani watu husemaje? Kukata rufaa. Kukata! Ndiyo kazi yake, inakata miaka.

— Inakatwaje?

— Majaji watatu. Kila mmoja anakata miwili. Unabaki mmoja.

— Na huo mmoja?

— Wa karani, Viraka akadakia. Naye ana watoto.

— Watanisikiliza? Maana ugomvi huu naujua tangu tofali la kwanza.

— Hawasikilizi mtu, bibi, akasema Viraka. Wanasoma makaratasi ya hakimu, waone kama alikosea.

— Ataachaje kukosea? Choo chenyewe hajakiona!

— Umeona? Na wakikataa, unakata tena kule juu. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Redio hakukubali kupitwa.

— Yuko jamaa mmoja alikata, akakata, mpaka miaka ikaisha, akawa anaidai jela miwili.

— Anaidai?

— Akiba, bibi! Kesho akivunja duka, wanatoa humo humo.

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikaanza hata kuwaza kijana alale chumba kipi, mbali na mjomba wake.

Mara binti yangu huyo, anahema.

— Mama, tumekata rufaa. Na upande wa mashtaka nao wamekata.

— Si nilisema! Redio akajipiga paja. Hata serikali imemwonea huruma! Wakikata wote wawili, huyo yuko nyumbani!

Binti yangu hakukaa.

— Wanasema saba ni michache. Kaka kawaambia mkono haunyanyuki. Sasa wazee wangu, nielezeni: wao wanakata nini?

Viraka akainamia soli. Redio akazimika.

Nilitaka kuuliza huo mkono wa mwanangu unaendeleaje. Nikamimina kahawa tu, nisije nikaonekana nimeshika upande.