Mke wa Hakimu wa Harrowgill

Ndugu, majirani, na ninyi mlioingia kwa mlango wa nyuma, kwa niaba ya familia, mimi Marmaduke Rishworth, mumewe, nawasomea maisha ya mke wangu.

Etheldreda Catterick alizaliwa tarehe 3 Februari 1571, hapahapa Lancashire, akafundishwa kusoma na kusali na shangazi wa baba yake, mtawa ambaye nyumba yake ya kitawa ilifungwa na mfalme. Tulioana tarehe 14 Septemba 1590, asubuhi kanisani mbele ya kasisi wa Malkia, mchana darini, katikati ya jibini, mbele ya padri wetu Mkatoliki, kwa siri, maana sheria iliikataza imani yetu. Mungu alitujalia watoto watano, walio hai ni Anne, mtawa ng'ambo, na Roger mnayemwona hapa.

Kazi yake ilikuwa kuendesha nyumba na kuwaficha mapadri, yangu kuketi katika kanisa la serikali kila Jumapili nionekane, tusije tukanyang'anywa shamba. Mwaka 1604 nikafanywa hakimu wa Harrowgill, na Novemba 1606 nikaongoza upekuzi wa kumsaka padri kwa jirani yetu, Bi. Ursula Bracewell, tukabomoa ukuta wa chumba chake, hatukupata mtu, na niliporudi mke wangu aliniwekea supu mezani, hakuniuliza neno, miaka sita hakuniuliza, nami tangu siku hiyo sikutulia.

Januari mwaka huu, 1613, kifua kilimbana, na tarehe 6 Machi akaomba padri. Aliyejua padri alipo ni Bi. Ursula. Nikasimama uani kwake, kofia mkononi.

“Bwana hakimu, mwaka ule ulibomoa ukuta wangu ukimtafuta. Leo unataka nikufungulie mlango?”

Nikamwambia tu kwamba Etheldreda anakufa, naye akachukua shali yake. Padri alifika adhuhuri kwa mavazi ya mganga wa farasi, akampaka mafuta matakatifu ya wagonjwa, kisha marehemu akanishika mkono.

“Na wewe je, Marmaduke, utaungama lini kwa padri?”

Nikamwambia, kesho. Alifariki tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, nami bado nasema kesho.

Tunamshukuru Mama Agnes kwa dawa za mitishamba, tunawashukuru ninyi mliochimba kaburi bustanini baada ya kasisi kumnyima udongo wa kanisa, na Bi. Ursula, aliyeketi pale mbele. Aliyetumwa hapa kuandika majina ya Wakatoliki, aanze na langu.

Lala kwa amani, Etheldreda. Padri aliondoka jana kuelekea Yorkshire, na farasi wangu ameshatandikwa.