Miguu ya Mama Imelowa

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, na kinyozi ni mimi. Jua likipanda wateja hukimbia, wanabaki wale wale: Profesa, fundi cherehani ambaye hajawahi kukosa jibu, Redio, fundi redio asiyezimika, na Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kutuvumilia. Jana dereva Mwendopole akasimamisha teksi yake hapo mbele yetu, ikifuka mvuke. Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameketi mama yake, jicho moja lina bandeji ya upasuaji, la pili lilishazimika zamani. Alikuwa anapelekwa hospitali kufunguliwa bandeji hiyo, na daktari wa macho huondoka adhuhuri. Hilo gari lenyewe mama hajawahi kuliona; mwanawe alilinunua giza likiwa limeshamwingia.

— Usifungue mfuniko wa rejeta! — Mama Birika akapiga kelele. — Utaungua uso. Liache lipoe.

— Maji ukiyavulia nguo, yaoge — akasema Profesa. — Fungua.

— Oga wewe, Profesa — nikamwambia.

Mwendopole akarudisha mkono. Jasho linamtoka kuliko hilo gari.

— Jana nimejaza maji, leo hamna! Na chini halidondoshi hata tone.

— Kosa lako unaweka maji matupu — akasema Redio. — Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Rejeta inataka kitu kizito. Vunja mayai mawili, tia humo.

— Mayai wapi! — Profesa akaruka. — Ni hii rangi ya bluu. Bluu inavuta jua. Nitalishonea koti jeupe, kitambaa ninacho.

— Koti litaziba upepo! Dawa ni kuendesha kinyumenyume. Injini inakaa nyuma, jua linapiga buti.

— Kinyumenyume mpaka hospitali?

— Mkono mtupu haulambwi, Profesa.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa?

— Itaingia tukifika.

Mwendopole hakucheka. Alikuwa anatazama kivuli cha benchi kinavyofupika.

— Jamani, mama yangu anaenda kuona leo. Leo!

Ndipo sauti ikatoka dirishani.

— Wanangu.

Tukaligeukia gari. Nilijua tunasutwa, na tulistahili.

— Haya maji ya vuguvugu yanayonilowesha miguu yanatoka wapi?

Profesa akainama kuchungulia chini ya gari.

— Labda... kiyoyozi — akasema Redio kwa sauti ndogo.

— Kiyoyozi kilikufa kabla sijalinunua.

Mwendopole akainama, akapapasa zulia chini ya miguu ya mama yake, akainuka na kiganja kinachodondoka maji.

— Hita! Inavujia ndani!

— Kwa jua hili, hita ya nini? — akauliza Mama Birika.

— Sijawahi hata kuiwasha! Mama, mbona hukusema?

— Nilidhani magari ya siku hizi ndivyo yalivyo.

Ubishi wetu ulikuwa umefaa jambo moja: injini ilikuwa imepoa. Redio akaleta kipande cha bomba, wakachomoa mipira miwili inayopeleka maji ya injini kwenye hita, wakaiunganisha yenyewe kwa yenyewe na kuikaza, maji yasifike huko tena. Mfuniko ukafunguliwa kwa kitambaa cha Profesa, taratibu. Maji ya kujazia yakakosekana. Mama Birika akatutazama mmoja mmoja, akalichukua birika la maji ya kahawa akalimimina lote kwenye rejeta.

— Kahawa imekwisha — akasema. — Nendeni makwenu.

Hakuna aliyekwenda. Gari liliondoka kimya, na sisi tukakaa na vikombe vitupu.

Alasiri likarudi, bila mvuke. Mama akashuka mwenyewe, bandeji hamna. Akalizunguka gari polepole, kidole kikipita kwenye boneti.

— Uliniambia ni la bluu.

— Ni la bluu, mama. Hilo ni vumbi tu — Mwendopole akajibu kwa aibu.

Mama akakiinua kidole karibu na jicho. Akakitazama sana, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

— Vumbi! Jamani, nimeona vumbi!