Msumeno Niliouvalisha Sweta

Bwana asifiwe! Jamani, hiyo amina imekosa uji asubuhi. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa nimewasikia.

Mie ni Festo, mkata miti wa hapahapa Chamazi. Wengi mnanijua kwa makelele ya Jumamosi, mnisamehe. Nina kenta ya kubebea magogo. Nina mashine ya kusaga matawi, majirani wanaiita Mbuzi kwa jinsi inavyotafuna majani. Na nina chensoo, ule msumeno wa injini, ambao mke wangu Mama Neema anauita mke mwenzie, maana nausifia kuliko mapishi yake.

Ndugu zangu, kazi ya mti ni ya watu wawili. Mmoja anapanda na kamba kiunoni, kamba imepitishwa kwenye panda la juu. Mwingine yuko chini ameishika. Wa juu akiteleza, wa chini anakaza. Wa juu akitaka kushuka, wa chini analegeza kidogo kidogo. Wa chini wangu alikuwa shemeji Dismas, kaka wa mke wangu. Miaka minne ameshika kamba ile! Na kila jioni ndiye aliyekuwa anafungua kifuniko cha chensoo na kusafisha chujio la hewa, maana vumbi la mbao likijaa pale injini haipumui.

Sasa wakata miti wakaongezeka huku kwetu, kila kona chensoo inalia. Mie mhudumu wa mlango kanisani, na tai yangu shingoni, nikaingiwa na hofu ya kijicho. Badala ya kupiga magoti nikapiga gia mpaka Kimbiji, na ile barabara yake ya mashimo, kwa mganga! Ndiyo, mie huyu! Nyie mnaonikodolea macho hivyo, ngojeni nimalize.

Mganga akanipa hirizi, kifurushi cha kitambaa chekundu. Akasema niiweke ndani ya chensoo, na mtu mwingine asifungue. Nikaisokomeza chini ya kifuniko, palepale penye chujio. Wiki haikuisha, mashine ikaanza kukohoa. Nikarudi Kimbiji. Akasema adui ni mkubwa, akaniongezea cheusi. Mashine ikazidi kukohoa. Nikarudi tena na jogoo mkononi, akanipa cheupe, akaniambia adui yuko karibu, ni mtu anayeigusa mashine yako.

Nani alikuwa anaigusa mashine yangu? Shemeji! Tena kila jioni ananiganda: "Shemeji, acha nifungue nione." Nikajisemea ahaa, mchawi huyu anataka kumalizia kazi yake. Nikamtangaza mchawi mbele ya watu, nikamwambia asikanyage kwangu. Aliikunja kamba vizuri kama alivyokuwaga anaikunja, akaiweka kwenye kenta, akaenda kukaa Ukonga. Mama Neema akanambia, "Usiponirudishia kaka yangu kwa mdomo uleule uliomfukuzia, humu ndani tutaishi kama wapangaji." Na kweli, chai nikawa najipikia mwenyewe!

Ndipo akaniita Bi Zuhura, mama wa Kizaramo, mjane anayepika maandazi. Msufi wake umelalia jiko, sufi zinaingia kwenye unga, wateja wanauliza haya maandazi mbona yana manyoya. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwanangu, jiko hilo ndilo linalonilishia wajukuu. Likivunjika, nimekwisha." Nikamwambia ondoa shaka, Bi mkubwa, umempata fundi.

Fundi nikapanda peke yangu, kamba nimejifungia mwenyewe kwenye shina. Jeuri hiyo! Nikakaa kwenye panda la juu, nikaanza kukata tawi kubwa lililo chini yangu, lile linaloning'inia juu ya jiko. Nimefika katikati, chensoo ikakohoa, ikazima. Navuta kamba yake, kimya. Navuta tena, kimya. Tawi likalia kaa! Na kushuka siwezi, maana njia ya kushukia ilikuwa kulikanyaga tawi lilelile. Ndugu zangu, nilikemea pepo mpaka sauti ikakauka. Bi Zuhura alikuwa anatoa masufuria jikoni mbio mbio, akanyanyua uso: "Baba, unakata au unahubiri?"

Nikampigia simu mke wangu nikiwa juu ya mti. "Mama Neema, mwambie kaka yako aje." Akasema, "Yule mchawi? Mpigie mwenyewe." Akakata. Nikampigia shemeji. Sikujua nianzie wapi, nikasema tu, "Shemeji, niko juu." Akauliza, "Juu ya nini?" Nikamwambia. Alikuja na bodaboda kutoka Ukonga. Mie huko juu nilishaimba pambio zote ninazozijua, nikaanza kurudia.

Akafika, hakugombeza. Akanirushia kamba ya pili, akaniagiza nilifunge nayo tawi, mwisho wa kamba akaufunga kwenye kenta, livutwe mbali na jiko. Kisha akasema, "Sasa teremsha mashine niifungue."

Jamani! Nikaliona jiko, nikaiona mashine. Chini umati umejaa, na nusu yao nimewahi kuwahubiria kwa spika. Tawi likalia tena. Nikasema, Yesu wangu, heri aibu kuliko kuvunja jiko la mjane. Nikaiteremsha.

Akafungua. Akatoa chekundu. Akatoa cheusi. Akatoa cheupe. Akanitazama: "Shemeji! Mashine inaomba hewa, wewe unaivalisha sweta? Tena tatu!" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bi Zuhura akasema, "Astaghfirullah! Si wewe ndiye mlokole wa spika?" Nikaitikia toka juu, "Ndimi, Bi mkubwa." Ungejificha wapi?

Akapuliza chujio, akaivuta mara moja. Ikanguruma! Akanirudishia juu kwa kamba, nikamaliza kukata, kenta ikavuta, tawi likaanguka uani, jiko halikupata hata mkwaruzo. Haleluya!

Ikabaki mie kushuka. Nikapitisha kamba juu, shemeji akaishika chini. Nikauliza, "Shemeji, umeshika?" Akasema, "Siku zote si nimeshika?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nililia. Angekuwa mchawi, miaka minne alishindwa nini kufungua vidole tu? Nilishuka nikamwangukia miguuni, nikaomba msamaha kwa mdomo uleule, mbele ya watu walewale. Zile hirizi tukazitia kwa Mbuzi pamoja na majani ya msufi, akazitafuna zote bila kukohoa hata mara moja.

Nakushukuru Mungu uliyenifungua kabla sijavunjika shingo. Na wewe uliyekaa hapo na kifurushi chako, nakusihi, fungua kifuniko leo mwenyewe, wakati miguu yako bado iko ardhini. Mwamini Yesu, haombi jogoo!

Shemeji, wewe uliyekaa benchi la nyuma, simama watu wakuone. Usione haya, haya ni yangu. Ndugu zangu, mtazameni mikono, imeota sugu kwa kamba yangu. Huyu ndiye niliyemwita mchawi.