Maji ya Nyumbani kwa Tang

Sogeeni wanangu. Chuol, kaa hapa, na wewe Nyadak zima hiyo redio, amani waliyoitia saini Juba haitakimbia, itasubiri nimalize. Maji msinipe kwanza.

Ng'ombe ni wa Chuol, mtumbwi ni wa mama yenu, hayo mnayajua, hayana maneno. Nililowaitia ni hili: Nyadak, huyo Duoth anayetaka kukuoa, ana kaka yake aliyeitwa Tang, tunayesema alipotea vitani; hakupotea. Nilimpiga risasi mimi.

Tulia, Chuol! Kelele utapiga nikishazikwa.

Kosa la Tang lilikuwa kubeba barua za wale waliotaka vita vikome. Kamanda wetu alinipa bunduki nyuma ya kambi, nikamwambia, "Mkubwa, huyu ni Mnuer mwenzangu, nikimwaga damu yake sitakula wala kunywa mpaka kuhani wa ngozi ya chui anichanje mkono damu hiyo initoke, na kwao nikigusa hata kikombe nitakufa." Akacheka. "Mzee, hayo ni ya enzi za mikuki. Damu ya vita vya serikali haina mwenyewe. Piga, kisha nenda kale." Nikapiga. Mungu anisamehe, nikapiga, na jioni nikala.

Lakini mnanijua, mimi ni mtu wa kutaka kujua, hata saa ya mjomba wenu niliifungua nione kinachopiga kelele humo ndani. Basi neno lile likanikaa rohoni: je, mtu mwenye cheo anaweza kweli kuifuta damu kwa mdomo wake? Vita vilipotulia nikaenda kwa mama yake Tang, bibi Nyaruach, akanipa maji kwenye kibuyu, nikanywa, nikarudi nyumbani nikalala nikingoja kufa. Wapi! Asubuhi nikaamka na njaa. Nikarudi tena na tena, miaka mitatu nakula mtama wake, na kila mara ananiuliza, "Wiyual, wewe ulikuwa kambini, mwanangu hukumwona?" Nami namjibu, "Sikumwona, mama." Maji yale niliyameza bila taabu. Jibu lile ndilo lililokuwa likinitoa jasho.

Daktari anasema ni ini. Huenda. Huenda ni kibuyu. Ningependa sana kujua, ila muda sina.

Sasa shikeni. Nyadak, usile kwao, usinywe kwao, mpaka jambo hili liishe. Chuol, kesho mfuate kuhani wa ngozi ya chui, akutangulie kwa bibi Nyaruach, umwambie mwanawe yuko nyuma ya kambi, kwenye kichuguu cha pili. Toa ng'ombe wa damu, ndugu zake waoe mke kwa jina la Tang, ili ingawa amekufa apate watoto wa kuitwa wake. Watu wa haki za binadamu wakija na kinasa sauti chao, wape jina langu, na la kamanda pia, hata kama leo ana kiti kwenye serikali ya mpito. Msiseme baba alilazimishwa. Nilikuwa na mdomo, ningekataa. Na Duoth akikutaka bado baada ya hayo, Nyadak, olewa naye. Asipokutaka, usimlaumu yeye.

Nimechoka... Inameni niwatemee mate ya baraka. Kinywa kimekauka, ngojeni... Chuol, ng'ombe wako wazae, nawe uzeeke kati ya wajukuu... Mama Chuol, acha kulia...

Nyadak? Mwanangu, mbona wewe huinami?