Sahihi ya Shemeji Kizito

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, hata na ninyi wa nyuma mliotoka zamu sasa hivi na macho yanajifumba!

Mimi ni Elkana, mlinzi kwenye jengo moja hapa Doha, pale West Bay. Wengi hamjui kwamba nyumbani niliitwa mheshimiwa. Mwaka 2007 niliwania udiwani nikaanguka. 2013 nikaingia bunge la kaunti kama mwakilishi wa wadi yetu. Hapo nikabadilika. Watu walinipigia, huyu ana matanga, yule mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na mimi simu sishiki. Kiburi, ndugu zangu!

2017 nikaangushwa. Kituo cha kura kilichonimaliza ni shule ya msingi iliyo jirani na boma langu! Wakala wangu pale alikuwa Kizito, kaka ya mke wangu. Nilikuwa nimemwonya, "Tukishindwa, usitie sahihi fomu ya matokeo." Kizito alitazama kura zikihesabiwa, akaona nimeshindwa vibaya, akatia sahihi. Nikasema ameniuza. Nikamfukuza kwangu mbele ya watoto, na mke wangu nikamkataza kuongea naye. Mama yao alipougua, mke wangu alikuwa akimpigia kaka yake akiwa amejifungia chooni.

Nikaja Doha na kisirani changu. Kila Ijumaa naimba hapa Al Mansoura, mikono juu, na jina la Kizito silitaji. Unafiki mtupu!

Mwezi jana msimamizi wetu alinisukumia daftari la doria niandike kwamba nimekagua orofa zote. Nilikuwa nimekagua nusu tu, lifti iliharibika. "Tia sahihi, rafiki, khalas, yaishe," akasema. Nikamjibu, "Bosi, mimi naandika nilichoona." Alikasirika! Akanipeleka getini, nikasimame juani.

Nikiwa pale, jasho linanitiririka, maneno yangu mwenyewe yakanirudia. Naandika nilichoona. Si ndivyo alivyofanya Kizito? Ndugu zangu, nililia na yunifomu yangu, madereva wa teksi wakinitazama. Nikasema, Yesu, nifungue, nimechoka na chuki hii. Akanifungua palepale getini!

Nilipotoka zamu nikampigia. "Shemeji, ulitia sahihi kitu cha kweli. Nilishindwa." Akauliza, "Mheshimiwa, umekula?"

Miaka miwili sijamwita hata kwa jina, na yeye anauliza kama nimekula!

Kisha nikampigia mke wangu, nikamwambia. Alilia kidogo, akasema, "Baba Neema, ngoja nikate, nimpigie kaka yangu. Niko hapa sebuleni."

Namshukuru Mungu aliyenishinda mimi, mtu wa kushindana. Nawe uliyeketi hapo na jina usilotaka kulitaja, mkabidhi Yesu. Anaweza, mimi nimeona. Leo ni Ijumaa, huna zamu, na huko nyumbani bado wako macho. Tukisema amina, toka nje upige.