Nikuguse? Maisha ya Mwalimu Taratibu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mshonaji. Mama yake alisema alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakukaa kitako.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, akamaliza sekondari mwaka 1980. Darasani alijibu maswali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, na mara nyingi alikosea.

Mwaka 1982 aliajiriwa kuwa mpiga chapa. Miaka ishirini na mitatu ya kuinamia meza ilimharibia mgongo, hadi mtaalamu wa viungo akamshauri ajaribu yoga. Alikwenda shingo upande, akanogewa. Mwaka 2006 alikodi chumba juu ya duka la vitambaa, akatandika mikeka kumi na miwili, akaanza kufundisha.

Tarehe 14 Julai 1987 alifunga ndoa na fundi saa. Mumewe alizoea kutania, "Saa zote nimeziweza, ila hii ya nyumbani inakwenda mbele."

Haraka hiyo ilimponza. Februari 2007 mdogo wake, muuguzi, alihudhuria darasa. Alipoinama, marehemu alimkandamiza mgongoni kwa mikono miwili: "Shuka bwana, unaogopa nini?" Muuguzi aliumia, akalala miezi mitatu. Marehemu alikwenda kuomba radhi mara tatu, na mara ya tatu hakufunguliwa mlango.

Tangu hapo hakumgusa mwanafunzi yeyote kabla ya kumuuliza, "Nikuguse?" Aliyekataa hakudaiwa sababu. Neno lake kubwa likawa "taratibu", wanafunzi wakamwita hivyo hivyo. Mkeka wa dirishani aliutandika kila siku, na aliyetaka kuukalia aliambiwa, "Hapo pana mwenyewe." Mwenyewe hakutokea kwa miaka kumi na mitano. Mgongo wa muuguzi ulishapona zamani. Kilichobaki kilikuwa ukaidi, naye anaujutia.

Agosti 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Muuguzi alipopata habari alikwenda bila kuitwa. Alimkuta anahitaji kugeuzwa kitandani, akamwinamia.

"Dada, nikuguse?"

Marehemu alimtazama, akacheka mpaka akakohoa. "Umechelewa darasani wewe! Gusa, mdogo wangu. Taratibu tu."

Alimgeuza na kumwogesha kwa miezi saba. Marehemu alifariki nyumbani tarehe 21 Machi 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake.

Ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, wanafunzi wasiohesabika, na mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii. Jumamosi iliyopita alipanda ngazi za duka la vitambaa, akalala kwenye mkeka wa dirishani, akalia.

Udongo umguse taratibu. Apumzike kwa amani.